Chanzo

Katika fani ya redio inayoundwa kwa programu, ambayo GNU Radio, iliyoasisiwa na Eric Blossom mwaka 2001, ni miongoni mwa zana zake mashuhuri, neno chanzo limepata maana mahsusi: ni kipande cha programu kisichopokea mawimbi kutoka kwa chochote kilichokitangulia, bali huyatoa tu. Nisingependa kiitwe mwanzo, maana mwanzo hupita, ilhali chanzo huendelea kutoa. Anayejiandikia chake kwa Python hubainisha kwamba hakina maingizo, kisha, kila kinapoitwa, chanzo hujaza sampuli katika nafasi kiliyokabidhiwa na kurejesha idadi yake. Ikiwa sampuli ni 32,000 kwa sekunde, na mawimbi ya mlio ni 1,000 kwa sekunde, kila wimbi hutimia kwa sampuli 32. Lakini nafasi hiyo haina kipimo cha daima, aghalabu huishia katikati ya wimbi, na mwandishi asiyehifadhi awamu aliyofikia, akaanzia sifuri kila mara, husikia mikwaruzo badala ya mlio safi. Ama kikitaka kukoma, hurejesha -1, na vipande vinavyokitegemea navyo hufunga kazi.