Basoda wa zamani na bibi zao



Tangu tuanze kuandika familia zilizorudi hapa Shari, kuna neno moja ambalo tunalisikia kila tunapouliza ukoo: "Koko alikuwa soda wa Mubeleji." Mara nyingi mtu analisema kwa sauti ya chini, halafu anapita haraka kwa neno lingine. Tunaelewa. Sisi tuliokimbia watu wenye bunduki, kwanza 1999 hadi 2003, na tena kuanzia mwisho wa 2017, si rahisi kumusifu mutu kwa sababu alishika bunduki. Lakini koko huyo ni wa ukoo. Hadithi yake ndiyo inaeleza kwa nini wazee fulani wanaongea Lingala nyumbani, ao kwa nini familia moja iko na ndugu Kisangani ambao haijawahi kuwaona.

Jeshi lenyewe liliitwa Force Publique. Lilianza wakati wa mfalme Léopold II. Kuingia kwake haikuwa sikuzote kwa kupenda: Bula Matari aliomba hesabu ya vijana, na shefu alipaswa kuitoa. Wazee wetu wanajua ni kijana gani alitolewa wa kwanza. Ni yule asiyekuwa na mjomba mwenye sauti kwenye baraza. Akishaingia, ni miaka saba.

Katika vita ya kwanza ya dunia, jeshi hilo chini ya Jenerali Charles Tombeur lilipita Rwanda na Burundi, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Ndiyo maana katika familia nyingi za mashariki neno "Tabora" bado linatajwa. Lakini hapa tuulize vizuri: koko alibeba bunduki ao alibeba muzigo? Kwa ajili ya vita hiyo Wabeleji walichukua wapagazi zaidi ya 250,000. Walibeba risasi, chakula, na mizinga iliyofunguliwa vipande-vipande. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milima na kwa njaa. Kwa Waingereza pia ilikuwa hivyo, na huko Dar es Salaam kartier nzima imebaki na jina lao, Kariakoo. Kwetu mupagazi hakupata hata jina la barabara. Kama koko wenu alikuwa mupagazi, musione haya kuandika hivyo.

Vita ya pili ndiyo wazee waliosikia kwa masikio yao bado wako. Mwezi wa tano 1940 Wajermani waliikamata Ubelgiji, lakini Kongo ikabaki upande wa Waingereza. Muwaka uliofuata basoda wakatumwa kupigana na Waitaliano Abisinia. Njia ilipita karibu na sisi: toka Stanleyville kwa mto na kwa treni hadi Mungbere, halafu malori hadi Aba na Juba, kisha mashua kwenye Nile. Walikamata Asosa na Gambela mwezi wa tatu 1941. Halafu mvua ikaanza, barabara zikafungwa, chakula kikakosa, na kwa miezi mitatu watu walilala katika matope wakiwa wagonjwa. Tarehe 3 Julai 1941, kule Saïo, Jenerali Pietro Gazzera alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert, pamoja na majenerali wengine wa Italia. Leo muji huo unaitwa Dembidolo. Basoda wengine walienda Nigeria, Misri na Palestina, na kikosi cha hospitali kikafika mpaka Burma. Mumoja wao, Kaporali Albert Kunyuku, alipewa nishani na mfalme Philippe huko Kinshasa mwezi wa sita 2022, akiwa na miaka 100. Nishani ilifika, lakini iliwakuta wangapi?

Sasa bibi zao. Picha za zamani zinaonyesha wanaume kwenye musitari, na mutu anaweza kufikiri jeshi lilikuwa la wanaume tu. Hapana. Kambi za Force Publique zilikuwa na nyumba za basoda walioowa. Bibi alikuwa na posho yake, na watoto walikomea pale wakiongea Lingala ya jeshi. Aliyebaki mugini naye vita ilimufikia. Kuanzia 1942 kazi ya lazima kwa Bula Matari ilipanda kutoka siku 60 hadi siku 120 kwa muwaka, na huku kwetu migodi ya zahabu ya Kilo-Moto haikulala. Mume yuko Abisinia, shamba linamungoja nani?

Mama mumoja wa hapa, aliyerudi bila mukanda hata mumoja, anajua kwa kichwa namba ya jeshi ya baba yake. Watoto waliikariri kama wimbo. Lakini bibi wa kwanza wa baba, yule aliyebaki kambini Stanleyville na watoto wawili, hakuna anayejua jina lake. "Tulikuwa tunamwita Mama wa Kambi tu," akaniambia. Namba imebaki, jina limepotea, na pamoja na jina hilo wamepotea kaka na dada.

Kuna soda mwingine ningependa mumujue, ingawa hakuwa wa huku: Paul Panda Farnana, muzaliwa wa karibu na Banana, mwaka 1888. Alisomea kilimo Ubelgiji, akajitolea kupigana 1914, akakamatwa Namur, akafungwa Ujerumani mpaka vita ilipoisha. Mwaka 1919, kule Brussels, yeye na wenzake waliotoka vitani walianzisha Union Congolaise, chama cha kusaidiana. Kumusaidia mwenzao aliyekosa ilikuwa kazi yao, kama sisi. Walidai pia waliokufa wakumbukwe. Mwaka 1929 alirudi kwao Nzemba, akajenga shule. Mwaka uliofuata akafa, bila bibi wala mutoto.

Wasaidizi wetu wa mbali wanatuuliza kwa nini karatasi yetu ya familia iko na musitari kwa majina ya bibi wote wa koko, hata wale walioachwa. Mbele ya shefu, wakati wa kueleza shamba lilikuwa la nani, ukoo wa mama nao unahesabiwa. Mwenye picha, mwenye nishani, mwenye koko anayekumbuka jina la kambi ao jina la bibi mukubwa, aje nalo siku ya mukutano. Mukanda ukiwa umeungua, tutaandika kwa mudomo, na mashahidi wawili watie alama ya kidole.