Mashine Ikibaki na Fundi Akiondoka: Somo la Busia na Tororo

Wiki hii swali kwenye kikundi ni moja tu: tununue ile mashine ya useremala iliyotumika, inayouzwa Busia, au tuache? Ni ile ya kazi tano: inapasua mbao, inaranda, inasawazisha unene, inatoboa matundu na inachonga urembo wa kingo. Wengine wanasema bei ni nzuri, tusipoteze bahati. Mimi naomba kabla hatujahesabu pesa tuangalie historia ya mpaka huu, kwa sababu Busia na Tororo zimeona mashine zikija, na zimeziona pia zikilala.

Tuanze na reli. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu 1901. Waingereza walileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India, na kati yao walikuwemo maseremala, wahunzi na waashi. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, pamoja na wengine waliokuja baadaye, walifungua maduka na karakana katika miji ya njiani. Kisha njia nyingine ya reli ilipita Eldoret, ikaingia Uganda kwa upande wa Tororo, na mwaka 1931 treni ikafika Kampala. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls pale Jinja likazinduliwa, na umeme wake ukafika Tororo, mji wa kiwanda cha saruji. Yaani mashine ya wakati ule ilikuwa na vitu vitatu nyuma yake: fundi anayeijua, njia ya kuleta vipuri, na umeme.

Ikaja 1972. Mwezi wa nane Idi Amin alitangaza kwamba watu wa asili ya Asia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Maduka, viwanda na karakana zao wakapewa watu wengine, wakiwemo wanajeshi. Mashine hazikupanda ndege, zilibaki pale pale. Kilichoondoka ni ujuzi: nani anajua sauti ya beringi inayotaka kufa, nani anajua kipuri kinaagizwa wapi na kwa namba gani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika, shirika la reli likagawanyika, na kwenye mpaka huu magendo yakatawala. Viwanda vingi vya Uganda vikazalisha kidogo sana au vikasimama kabisa. Chuma kilikuwepo. Vile vitu vitatu ndivyo vilivyokosekana.

Kuna historia nyingine inayotugusa zaidi. Enzi za Amin, Waganda walivuka mpaka huu kukimbilia Kenya. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya wakavuka kuja huku, kupitia Busia na Malaba. Waliwekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Kama kati yao alikuwemo mwenye karakana, hakuweza kubeba meza ya chuma ya mamia ya kilo. Alivuka na mikono yake, labda na randa na tindo ndani ya begi. Nyinyi mliotoka Kongo, Burundi au Sudani Kusini, sina haja ya kuwaeleza habari hiyo.

Sasa turudi kwenye mashine yetu. Mimi siipingi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kizinduliwe rasmi Busia, Februari 2018, mzigo unakaguliwa sehemu moja badala ya mbili, kwa hiyo vipuri kutoka Kenya si shida kama zamani. Lakini maswali ni yale yale matatu.

Umeme: mashine nyingi za aina hii zinataka feizi tatu. Hapa tuna sola na jenereta ndogo. Nani atanunua mafuta kila siku, hata siku ambayo hakuna oda ya viti?

Vipuri: beringi na mkanda vinapatikana mjini. Je, visu vyake na gia zake? Meza yake ikipasuka, si kila fundi wa kulehemu ataiweza. Tena kama ina mota moja, mota ikiungua kazi zote tano zimekufa pamoja.

Fundi: hapa ndipo ninapoogopa. Anayeijua kati yetu ni mmoja. Jina lake likitoka kesho kwenye orodha ya kwenda Kanada, tutamsindikiza kwa furaha, halafu tutabaki na 1972 yetu wenyewe. Na anayejifunza peke yake juu ya msumeno usio na kinga, vidole ndivyo vinalipa ada.

Pendekezo langu ni hili. Wawili wetu waende Busia na fundi mzoefu, waiwashe na kuipasulia mbao ngumu, wasitosheke na kuisikia ikinguruma bure. Wakati huo huo vijana wanne, wavulana kwa wasichana, waanze mafunzo kwa vifaa vya mkono, maana ujuzi huo hata ukihamishwa usiku unaondoka nao. Maswali yote matatu yakipata jibu, tununue. Kama jibu la hata moja ni "tutaona mbele", tuache, hata kama bei ni ya kutupa.

Kikao ni Jumamosi. Njooni na majibu.