Mafundi wa Nguo katika Njia ya Kilwa

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda kusini hupita Mtoni na Mbagala, ikavuka Mto Rufiji, ikafika Kilwa. Katika njia hiyo moja imo habari nzima ya nguo za nchi hii. Huko Mbagala, katika Wilaya ya Temeke, kilijengwa kiwanda cha Karibu Textile Mills, ambacho herufi zake, KTM, zimezoeleka katika kanga na vitenge. Huko Kilwa Kisiwani, Neville Chittick, alipochimbua magofu katika miaka ya 1960, alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vigae hivyo vilikuwa vizito vya pia za kusokotea pamba. Basi watu wa Kilwa walisokota nyuzi karne nyingi kabla ya kuja kwa Mreno.

Wala Kilwa haikuwa peke yake. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji ule zilipelekwa hata Misri. Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi wafumi wa Sofala walivyofumua nguo za buluu kutoka Cambay, kisha wakazifuma nyuzi zake pamoja na nyuzi zao nyeupe, kwa kuwa wao wenyewe hawakujua kutia rangi. Habari hii ni ndogo, lakini yafunza mengi. Mfumi alikuwa hodari wa kazi yake, ila elimu moja ilimpungukia, na kwa sababu ya hiyo moja alilazimika kununua nguo ya mwingine ili apate kutengeneza yake.

Ufundi huo ulirithiwa mkono kwa mkono, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake. Baada ya Seyyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833, nguo za viwanda vya Massachusetts zilijaa sokoni, zikapewa jina la merikani. Mfumi asiye na mnunuzi hana mwanafunzi. Na ufundi usio na mwanafunzi hufa pamoja na mwenyewe. Ulipokuja utawala wa kikoloni, mkulima alihimizwa kulima pamba ipelekwe ng'ambo, naye akavaa nguo iliyotoka huko huko.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ilionekana wazi kwamba nchi ilimayo pamba yapasa kujivisha. Mwaka 1968 vilifunguliwa viwanda viwili vikubwa: Mwatex huko Mwanza, na Urafiki huko Ubungo, kilichojengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Mafundi wa Kichina walisimama pamoja na vijana mbele ya mitambo, wakawafundisha kusokota, kufuma na kupiga chapa. Kiwanda chenyewe kikawa chuo. Lakini kujua kuendesha mtambo ni jambo moja; kujua kuubuni, au kuchonga chuma chake kilichovunjika, ni jambo jingine. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na wanafunzi wake walipelekwa viwandani kujifunza kwa vitendo. Hata hivyo miaka mingi ilipita kabla uhandisi wa nguo haujawa somo lenye shahada yake.

Upungufu huo ulidhihirika katika miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri havikuja, na mitambo ikasimama. Kisha biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa masoko. Wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako; na ufundi wa kuazima ni hivyo hivyo. Mwaka 1997 Urafiki ikawa kampuni ya ubia, Wachina wakiwa na hisa 51 katika mia, na Tanzania 49.

Fikra ya ubia iliingia katika elimu pia. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, ikawataka waajiri kuchangia mfuko wa mafunzo ya ufundi. Nacho chuo cha Chang'ombe, hapo hapo Temeke, ni kimoja cha vyuo vyake. Baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kusaidiwa na wakfu wa Gatsby wa Uingereza, kilianzisha shahada za uhandisi na ubunifu wa nguo.

Hata hivyo, washirika hao hawatazami upande mmoja. Mwenye kiwanda ataka kijana awezaye kuushika mtambo kesho asubuhi. Serikali yataka mhandisi ambaye, mtambo ule ukichakaa baada ya miaka 20, atajua la kufanya. Mwenye mali akiachiwa mtaala peke yake, chuo kitazaa vibarua waliosomeshwa. Serikali ikiachiwa peke yake, chuo kitazaa wenye vyeti wasiopata kugusa uzi. Nguo haiwi nguo kwa mtande pasipo mshindio.

Kwa hiyo ubia wa chuo na kiwanda usipimwe kwa wingi wa fedha zilizochangwa. Upimwe kwa lile lililomshinda mfumi wa Sofala: je, ile elimu moja iliyopungua imepatikana, nayo imewekwa mahali ambapo haitakufa na fundi mmoja, wala kuondoka na mgeni aliyeileta?