Mtandao Ulioishia Getini

Aprili 2020, nikielekea Dodoma kwenye msiba, nilisimama Dumila kununua maji. Dumila ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa uliokaa juu ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, pale inapochepuka njia ya Kilosa mjini. Wasafiri wengi wanaukumbuka kwa nyanya, vitunguu na wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Nikiwa nasubiri chenji nikasikia, "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, kanga kiunoni, anapanga vitunguu vya mama yake kwenye ndoo. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu katikati ya Machi. Tukajuliana hali, kisha akaniuliza: "Mwalimu, zile notsi ulizopandisha kwenye mfumo tunazifunguaje tukiwa nyumbani?"

Nilikuwa nimezipandisha kweli, tena kwa kujisifu kidogo, kwa kuwa wenzangu wengi hawakufanya hata hivyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba mfumo wa kufundishia wa chuo chetu, ambacho sitakitaja, ulifunguka tu kwa kompyuta au simu iliyounganishwa na mtandao wa ndani ya chuo. Aliyeujia kutoka nje alizuiwa langoni. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimefundisha, mfumo ulikuwa unafanya kazi, na hakuna mwanafunzi aliyesoma.

Nilimwambia nitalifuatilia. Nimelifuatilia kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyorudi nyuma ndivyo ninavyoona kwamba lile lango halikuwekwa na fundi mmoja mzembe. Lina historia, na historia hiyo ni ndefu kuliko intaneti yenyewe.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka 9 baadaye, mwaka 1974, Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ni rahisi leo kulicheka agizo hilo, na wengi hulicheka. Mimi silicheki. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine lilikuwa limeleta hasara na fedheha. Taifa maskini lilikuwa na haki ya kuuliza mashine ya ghali inamfaa nani. Zuio lililegezwa baadaye, lakini lilituachia tabia. Kompyuta ikawa kitu cha kuombewa kibali, cha kufungiwa chumbani, cha kulindwa dhidi ya mtumiaji wake.

Waliosoma chuo kikuu miaka ya 1990 watanielewa. Tulivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta kama tunaingia msikitini, tukaandika majina katika daftari, tukapewa dakika zetu chini ya macho ya msimamizi. Chumba kilikuwa na kiyoyozi. Mabweni yetu hayakuwa na maji.

Hata hivyo kipindi hichohicho kilikuwa na ujasiri ambao nauonea wivu. Kabla ya intaneti kamili kufika, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa barua pepe za kupokezana. Ujumbe ulikusanywa kwenye kompyuta moja, kisha modemu ikapiga simu na kuusukuma wote kwa mkupuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichotunza anwani za intaneti za nchi hii, zile zinazoishia na .tz, kabla ya kuundwa kwa tzNIC mwaka 2006. Wahandisi wa Mlimani hawakuwa wakihudumia chuo chao peke yake, bali taifa. Mwaka 1999 kituo chao cha kompyuta kikageuzwa kampuni inayomilikiwa na chuo, katika zama ambazo kila huduma ya umma ilitakiwa ijiendeshe kibiashara. Hilo lina mjadala wake, leo nalipita.

Papo hapo, kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, Bunge lilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichozinduliwa Januari 1994 chini ya Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Chuo Huria kilianza na vitabu vya kujisomea, posta na vituo vya mikoani, kikichukulia kwamba mwanafunzi yuko mbali, ana kazi na hana umeme wa uhakika. Swali la binti wa Dumila, "tukiwa nyumbani tunasomaje?", Chuo Huria kilianza nalo, wakati vyuo vyetu vya bweni havikuwahi kuliuliza. Sisi wahadhiri wa vyuo vyenye uzio tulikuwa na mazoea ya kukidharau chuo kile. Nakiri nilikuwa miongoni mwao.

Nirudi kwenye lango. Mpaka Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, vyuo vyetu vilitegemea setilaiti. Chuo kizima kiligawana uwezo ambao leo ni mdogo kuliko wa nyumba moja yenye faiba, tena kwa bei ya kutisha. Katika hali ile, kazi ya kitengo cha TEHAMA ilikuwa mgawo: zuia video, zuia muziki, zuia wageni. Kulinda mtandao na kubana matumizi vikawa kitu kimoja. Hatari iliyoonekana kila siku ilikuwa virusi vilivyobebwa kwenye flashi kutoka steshenari hadi maabara, na hatari iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa mtu kuingia kwenye mfumo wa matokeo na kubadili alama. Dawa ikawa uzio: aliye ndani anaaminiwa, aliye nje anashukiwa.

Uzio wa namna hiyo una kasoro inayojulikana kwa kila mtu wa fani. Ukishapita getini hakuna anayekuuliza tena. Mwenye nia mbaya aliyekaa maktaba anatembea atakavyo, na mwenye nia njema aliyeko Dumila ni mgeni. Kwetu, mfumo wa notsi ulikaa kwenye seva moja na mfumo wa matokeo, kwa kubana gharama. Kwa kuwa matokeo hayakupaswa kuonekana nje, basi na notsi zikafungiwa humohumo. Seva ya pili ingetosha kuvitenganisha. Mkongo ulipofika na bei kushuka, sababu ya mgawo iliondoka. Uzio ukabaki, kwa kuwa hakuna aliyeagiza uondolewe.

Vyuo vilifunguliwa Juni 1, siku 75 baada ya kufungwa. Waliporudi ndipo nilipojua walivyokuwa wakisoma. Kijana mmoja aliyepanga chumba karibu na chuo alikuwa akienda kuegemea uzio, mahali ambapo waifai ya maktaba hufika kwa taabu. Akafungua mfumo kwa nywila yake, akapiga picha kurasa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Mfumo ulikuwa ukimwonyesha kila mtu masomo aliyojisajili tu, hivyo wenzake wa masomo mengine wakampa nywila zao naye awafungulie. Yule binti alikuwa mmoja wao. Kufika Julai nywila zile zilikuwa zimezunguka simu nyingi, na mtu ambaye hakupatikana akaingia kwa jina la binti na kumfutia usajili wa masomo mawili.

Alipolalamika, suala lilikuja kwenye kamati ya nidhamu, nami nilikuwa mjumbe. Kanuni ilikuwa wazi: ni kosa kumpa mwingine nywila yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilisomwa mbele yake, ingawa haikumhusu sana kwa kuwa yeye ndiye aliyeingiliwa. Akaulizwa kwa nini alitoa nywila. Akasema, "Nilitaka kusoma." Mjumbe mmoja akacheka. Tulimpa onyo la maandishi, na saini yangu ni ya tatu kwenye barua ile. Masomo mawili aliyarudia mwaka uliofuata, na ada ya mwaka ule ilitoka kwenye vitunguu.

Najua utetezi wote, maana niliutoa mwenyewe. Kanuni ni kanuni. Bila nywila ya siri hakuna ulinzi. Lakini kitengo kilichobuni mlango mmoja tu, kisha kikaufunga, ndicho kilichowafundisha wanafunzi kuazimana funguo. Januari 2014 mafuriko yalipoikata barabara palepale Dumila, nchi nzima ilijua, na kazi ya kurudisha njia ikaanza mara moja, kwa kuwa magari yaliyokwama yalionekana. Mwaka 2020 njia ya wanafunzi wetu ilikatika kwa siku 75 na hakuna kikao chetu kilichoiita dharura. Tulisema "tumefunga", kana kwamba kujifunza ni duka.

Yamekuja mengi tangu hapo. Mradi wa HEET, wenye mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajenga kampasi mpya na kuimarisha TEHAMA vyuoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha mwenye kutunza taarifa, na hivyo chuo hakiwezi tena kumwachia mwanafunzi mzigo wote. Oktoba mwaka huohuo TCRA iliwataka watumiaji wa VPN wajitambulishe, ilhali VPN ndiyo njia ambayo mtafiti au mwanafunzi aliye mbali angepitia kuingia salama kwenye mtandao wa chuo. Na Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, aliyeweka masomo yake kwenye seva za ng'ambo alijikuta nje ya darasa, ilhali seva iliyo hapa nchini iliweza kufikiwa kwa njia za hapa nchini. Wale wa Mlimani waliotunza .tz wenyewe walilijua jambo hilo mapema.

Mfumo wetu sasa unafunguka kutoka popote. Ulifunguliwa mwaka 2021 kwa barua ya mistari minne.

Mwezi uliopita nilipita tena Dumila, nikaingia steshenari kutoa kopi. Ni msimu wa maombi ya mikopo na udahili, na foleni ya vijana ilifika nje. Aliyewahudumia alikuwa na daftari la kurasa nyingi, amelichora mistari kwa rula: jina, namba ya mtihani, nywila. Nilimuuliza linatunzwa wapi usiku. Akanionyesha droo isiyo na kitasa, akaeleza kwamba watoto husahau nywila zao na kurudi kwake wakilia, hivyo anawahifadhia bure. Kisha akageuza ukurasa mpya na kushika kalamu.

"Na wewe mzee wangu, nikuandikie?"