Unix ni ya Nani?

Kwenye kipindi kilichopita niliitaja kesi ya SCO kwa sekunde chache tu, halafu tukahamia kwenye mpira. Haikutosha, kwa hiyo naimalizia hapa.

Nafanya kazi Al-Sulay, kwenye ghala ambalo seva zake zote ni Linux. Hakuna aliyeilipia leseni. Mimi mwenyewe niliijulia nyumbani Riyadh, mwaka 2003, kwenye kompyuta chakavu aliyoninunulia Baba. Sasa Baba ni mgeni wa nchi hii kama wageni wote: risiti zake zote zimo ndani ya kopo la biskuti. Akasikia kuna kampuni Marekani inadai Linux ni mali ya wizi. Akaniuliza, "Mwanangu, hii uliyoweka ni ya nani?" Nikakosa jibu.

Machi 2003 kampuni ya SCO Group, ya Utah, iliishtaki IBM ikitaka dola bilioni 1. Ilidai IBM imechota msimbo wa Unix, mfumo uliozaliwa Bell Labs mwaka 1969, na kuumimina ndani ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Mwezi Mei ikaandikia barua kampuni 1,500 hivi kuzionya. Baadaye ikaanza kuuza "leseni" ya Linux, dola 699 kwa seva ya prosesa moja. Yaani ulipie kitu ulichopewa bure, kabla hakimu hajasema neno!

Ushahidi je? Agosti, kwenye mkutano wao Las Vegas, walionyesha sehemu ya msimbo kwenye skrini, maelezo yake wakayaficha kwa kuyageuza herufi za Kigiriki. Watu wakayageuza tena. Kumbe kipande kimoja kilikuwa cha Unix ya kale, ambayo kampuni hiyohiyo, ilipokuwa ikiitwa Caldera, ilikuwa imeshaifungua kwa umma mwaka 2002. Jamani.

Lakini kilichowaangusha hasa ni karatasi. Mwaka 1995 Novell iliuza biashara yake ya Unix kwa Santa Cruz Operation, na kutoka huko ikafika kwa SCO Group. Kwenye orodha ya vitu ambavyo haviuzwi, mkataba ulitaja haki miliki zote. Mwaka uliofuata wakaongeza marekebisho yenye maneno ya kutatanisha, na mawakili wakayagombania miaka. Machi 2010 baraza la mahakama Utah likaamua: haki miliki zilibaki kwa Novell. Rufaa ya 2011 ikakubali. SCO ilikuwa imeshaomba kinga ya ufilisi tangu 2007. Mabaki ya kesi na IBM yalimalizwa 2021, kwa dola milioni 14.25.

Katikati ya ugomvi huo, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa ya mtu. Msimbo ulikuwa wazi.

Juzi nilimsimulia Baba habari ya ule mkataba. Alicheka hadi akakohoa.

"Kwa hiyo nyumba waliuza, hati wakabaki nayo?"

Ndivyo hasa, Baba.