Seli Zisizongoja Kufundishwa

Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa, na mahali kilipozikwa ndipo nyumbani. Damu inayobaki ndani yake haikuwa na hadithi. Hata hospitali za Ulaya na Marekani ziliitupa tu pamoja na kondo la nyuma.

Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, daktari Eliane Gluckman alimtia mishipani mtoto wa miaka 5 kutoka North Carolina damu ya kitovu cha dadake mchanga. Mtoto alikuwa na anemia ya Fanconi, uboho wake umeshindwa kutengeneza damu. Hal Broxmeyer, kule Indiana, ndiye aliyeigandisha ile damu kabla haijavuka bahari. Ikashika, na mtoto akakua hadi utu uzima.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Mimi navutiwa na zile wiki zinazofuata. Kinga ya zamani ya mgonjwa imeangamizwa kwa dawa, mpya haijasimama. Damu ya kitovu kimoja ina seli chache, kama sehemu moja kwa kumi ya zile za uboho. Seli T zake nazo ni za mtoto mchanga, hazijawahi kukutana na kirusi hata kimoja, na kuzisubiri zikomae ni miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Virusi havina subira hiyo. Wagonjwa wengi wamefia papo hapo katikati.

Zinazowahi ni seli za NK, yaani wauaji wa asili. Katika mwezi mmoja au miwili hivi idadi yao huwa imerudi. Seli T lazima zipitie tezi ya thaimasi, ndiyo shule yao. NK hazihitaji kupita huko. (Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nina upendeleo hapa.)

Na kumbe zilikaribia kupuuzwa! Watafiti waliona seli za panya ambao hawajachanjwa zikiua seli za saratani, wengi wakadhani jaribio limeharibika. Mwaka 1975, huko Stockholm, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell wakazipa jina. Ronald Herberman naye alikuwa ameona jambo lilo hilo Marekani.

Lakini kurudi kwa idadi si kurudi kwa nguvu. Nyingi kati ya hizo NK za mapema bado ni changa, ndiyo maana daktari huona hesabu nzuri kwenye karatasi na bado anamwandikia mgonjwa dawa za virusi.