Maumivu ya Saratani Yana Dawa: Ilikotoka Mpaka Kutufikia

Leo tunaacha kidogo hina na mishono, tuzungumze jambo ambalo kungwi hamfundishi mwali: kumuuguza mgonjwa wa saratani ambaye madaktari wamekwishasema hatapona. Kwetu Pangani, Kibaha, kama huko visiwani, kazi hiyo humwangukia binti, mkemwana au dada mtu. Wengi huipokea bila kujua kwamba maumivu yale yana dawa.

Bibi zetu waliuguza kwa kukanda, kwa visomo na kwa subira. Mgonjwa akilia usiku kucha, ilisemwa ndiyo maradhi yenyewe. Hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam ilijengwa na Wajerumani kati ya 1895 na 1897, lakini ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, mtu wa Pwani yetu hii. (Matajiri wa leo mpo?) Mwaka 1996 Ocean Road ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Ndiko anakopelekwa mgonjwa wa Kibaha akitoka Tumbi, na ndiko wenzetu wa Unguja wanakovukia kwa boti.

Dawa tunayoisema ni morfini. Ni ya zamani, ila matumizi yake yalibadilishwa na mwanamke, Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's huko London, nyumba ya wagonjwa wasiopona, akafundisha kwamba dawa itolewe kwa saa zake, mgonjwa asingojewe mpaka alie. Nairobi ikapata nyumba kama hiyo mwaka 1990. Mwaka 1993 mwanamke mwingine, Dk. Anne Merriman, akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Hapo unga wa morfini ulichanganywa na maji na kutiwa rangi, ile nyepesi ikawa ya kijani, ili anayeuguza nyumbani asikosee chupa.

Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu manesi waliosomea kazi hiyo kuandika morfini. Sisi tunaona hatua hiyo ni kubwa kuliko majengo yote, maana daktari bingwa yuko mbali lakini nesi ni jirani. Ocean Road nayo ilitengeneza morfini ya maji kwa ajili ya wagonjwa wa Tanzania.

Sasa tatizo liko sebuleni kwetu. Dawa imeletwa, shangazi anaificha: atakuwa teja, ni haramu, itamwahisha. Tuseme wazi. Morfini inayotolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu ya saratani haimgeuzi mgonjwa teja, wala haimwahishi. Kilevi cha starehe ni haramu, ila dawa ya dharura ina hukumu yake. Mwenye shaka amuulize sheikh mapema, asisubiri usiku ambao maumivu yamepamba moto. Mgonjwa aliyetulizwa ndiye anayeweza kusali, hata kwa kuashiria kichwa tu, akatoa wasia na kuombana radhi na watu wake.

Hunywewa kila baada ya saa nne, basi tega simu. Hufunga choo, kwa hiyo ukipewa morfini uliza na dawa ya kulainisha. Kidonda kikinuka, usimwage marashi chumba kizima; mwambie nesi, kuna dawa ya kukata harufu.

Na mafundi wenzetu: dera la mgonjwa wa saratani ya titi lifunguliwe mabega yote mawili, lifungwe kwa kamba laini, siyo zipu. Kitambaa kiwe pamba iliyokwishafuliwa mara kadhaa. Likiwa hivyo anabadilishwa bandeji bila kuinuliwa mikono, na stara yake inabaki.